Kiboko Aliyepata Maswali Yote

Ngano, ngano!
— Ije, ije na chumvi yake!
Ikija bila chumvi?
— Tutaila hivyo hivyo!

Haya. Palikuwa na Kiboko, na palikuwa na bwawa, na jua lilikuwa limekausha mabwawa mengine yote. Akija Swala kunywa, Kiboko ananguruma, mfuuu! Swala mbio. Akija Ngiri, mfuuu! Ngiri mbio. Akija Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, mfuuu! Pimbi akarudi nyumbani, akawakuta watoto wake ndimi nje.

Kesho yake akaja tena, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, Mjomba Kiboko."

"Marahaba. Toka."

"Natoka, Mjomba. Ila wanasema una mwili tu, fasihi huijui."

"Nani kasema?"

"Wanasema tu. Basi Mwalimu Korongo atutahini mimi na wewe. Atakayefaulu, bwawa lake. Lakini kila mtu atasoma majibu yake kwa sauti, na alichosoma ndicho atakachofuata."

Kiboko akakubali kwa kishindo. Ila fasihi kweli hakuijua. Akamvuta Pimbi kando.

"We mdogo, nisaidie. Nitakuachia ulambe tope la pembeni."

"Asante, Mjomba. Sikia: Mwalimu Korongo anaogopa kubishiwa. Jibu la kweli huliongezea maneno mpaka linavimba. Wewe usisome, pima. Lililo refu kuliko yote, ndilo."

Siku ikafika. Korongo akaandika kwa mdomo wake kwenye tope kisa cha mnyama mmoja na bwawa, chini yake maswali. "Chagueni jibu lililo sahihi zaidi!"

Pimbi akachagua "A" kila mahali, akakaa kujikuna. Kiboko kisa hata hakukitazama. Akapima kwa midomo, pwaa! akachagua. Akapima, pwaa! akachagua.

"Kiboko, soma."

Akasimama mbele ya wanyama wote, kifua mbele.

"Mnyama huyu ana sifa gani? Jibu: Ni mchoyo mwenye tumbo kubwa na roho ndogo, anayefukuza watoto wa wenzake wenye kiu."

"Vema!"

Ngiri akacheka, kwi! Kiboko akahisi masikio yanawaka. Mbona kama...?

"Endelea."

"Kwa nini ananguruma? Jibu: Kwa sababu wakimsogelea watajua... watajua kuwa hana rafiki hata mmoja."

"Vema sana!"

Safari hii hakucheka mtu, na hilo ndilo lililomuuma. Watoto wa Pimbi walikuwa wakimtazama tu, wakilamba midomo mikavu.

"La mwisho."

"Mwalimu, hili si tuliruke?"

"Soma!"

Sauti ikamshuka. "Afanye nini sasa? Jibu: Aende kilindini, awaachie wenzake kingo zote, na asijitokeze mpaka aibu imwishe."

"Umepata yote, Kiboko! Bwawa ni lako. Pimbi, sifuri! Yako hayafai hata kusomwa."

Wa kumpongeza hakuwepo. Kiboko akashuka majini polepole, chubwi. Mpaka leo, ukipita mchana, utaona macho, masikio na pua tu. Anachungulia kama bado tunamtazama. Na ukingoni, Pimbi aliyefeli anakunywa na wanawe.

Funzo, wanangu: someni kwa bidii mfaulu. Asiyesoma na apime. Ila mwenye kiu, huyo afeli haraka.

Ngano yangu nimeitua hapo!
— Mwenye mabega aibebe!