Kistari Mbele ya Joto

Wapendwa, leo nawapeleka wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao na kulazwa ndani ya mashine ya joto.

Katika hospitali moja, programu ya mashine hizo iliandikwa na mama aitwaye Eliaichi, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Kiwango cha joto alikiita _joto, akitanguliza kistari cha chini. Kwa waandishi wa Python, kistari hicho kinasema: hiki ni cha ndani, usikiguse kutoka nje, pita njia niliyokuwekea. Na njia ile ilikagua kila namba kabla ya kuikubali.

Je, kistari kinamzuia mtu? Wapi! Ukitaka kugusa, unagusa, na kompyuta haisemi neno.

Baadaye mtaalamu mwingine, Mbonea, alipewa kazi ya kutengeneza skrini ya wauguzi ya kubadilishia joto. Mkuu wake akamjia juu.

"Mbona unachelewa? Wageni wa uzinduzi wako njiani. Lishike hilo joto moja kwa moja, tumalize!"

"Lina kistari, mkuu."

"Kwani kistari ni ukuta?"

"Si ukuta. Ni ombi la mwenzangu. Nitapita alikosema."

Mkuu akanuna, uzinduzi ukaahirishwa, Mbonea akasemwa kikaoni. Lakini alipita njia ile.

Skrini ilipoanza kutumika, muuguzi mmoja aliyechoka alitaka kuandika 36, vidole vikaandika 63. Njia ya Eliaichi ikaikagua namba, skrini ikawa nyekundu: joto hili halikubaliki. Akashtuka, akasahihisha. Kichanga hata hakikuamka.

Mkuu alimpigia simu Eliaichi. "Mama, kufuli lako limeokoa mtoto!"

"Kufuli gani? Lugha ile haina kufuli. Hata ningeweka vistari viwili, jina lingejificha kidogo tu, anayetaka angeingia. Mshukuru aliyeweza kugusa akakataa."

Mmesikia, ndugu zangu? Aliyeweza, akakataa! Nasi tunauliza kwa nini Mungu hakutufunga mikono tusitende dhambi. Mbuzi ndiye anayefungwa kamba. Wewe umeambiwa "usiguse", ukaachwa huru, kwa sababu unaaminiwa. Kuna heshima gani kubwa kuliko hiyo?

Basi inueni vichwa. Simu ya mwenzio iko wazi mezani, ofisi ya jirani haina mlinzi, mke wa mtu amebaki peke yake. Watu wakituuliza, "Mmeshindwa kugusa?" tuwajibu kwa fahari: tunaweza kabisa, na hatugusi.