Chungu Kilichokwenda Mtondowe

Ilikuwa mwaka wa 1953, masika yakiwa yamekolea. Temeke ya wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo na nyumba za makuti, na barabara ya Kilwa ilikuwa tope lililomeza magurudumu ya malori bila kuyatafuna.

Wazee waliponena kwamba jifya moja haliinjiki chungu, hawakuwa wakifundisha mapishi. Jifya ni jiwe la jikoni. Tegemeza chungu juu ya moja, au hata mawili, nacho kitapinduka na mboga itamwagika majivuni. Asiyesadiki na asikilize habari za nyumba ya Revelian Kamugisha.

Revelian alikuwa mganga msaidizi katika zahanati ya hapo Temeke, na mkewe, Benedicta, alikuwa muuguzi katika zahanati iyo hiyo. Serikali ilipotangaza nafasi za masomo ya juu, mume alitaka upasuaji, mke akataka ukunga. Kila mwombaji alitakiwa kutaja hospitali tatu, kuanzia anayoipenda zaidi, kisha apangwe peke yake kana kwamba hana mwenzi duniani. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Hospitali ya mjini ilikuwa na nafasi ya upasuaji tu, na ile ya kaskazini ilikuwa na nafasi ya ukunga tu. Masomo yangechukua miaka mitatu, na binti yao Auleria ndiyo kwanza alikuwa akiota meno.

Wakaketi, wakalinganisha, wakaona kwamba kazi zote mbili zilifundishwa mahali pamoja tu. Mahali hapo ni Mtondowe, ng'ambo ya Mto Rufiji, pasipoombwa na mtu yeyote mwenye jamaa mjini. Wakapaandika pa kwanza. Wakapaandika pa pili. Wakapaandika na pa tatu.

Mama yake Revelian, Mama Apolonia, aliposikia aliweka mwiko chini. Huyu alikuwa mjane wa katekista, mwanamke aliyenyooka kama mnazi. Tangu aolewe hakuwahi kujitwika mzigo kichwani, kwani mumewe alimwambia kwamba mke wa katekista habebi kama punda. Alikuja kutoka Bukoba kumtazama mjukuu, arudi kwake masika yakiisha, akaja na chungu chake cha kupikia ndizi, ambacho hapana mkono mwingine ulioruhusiwa kukigusa.

"Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka," alisema. "Nenda mjini ukasome. Mkeo na abaki nyumbani alee."

"Kwa heshima yako, Mama," akajibu Benedicta, "sisi hatushiki mawili. Tu wawili, tunashika moja."

"Maneno matamu hayo! Serikali ya Mwingereza ndiyo ikupangie wewe nyumba na mumeo?" Mama Apolonia akacheka mpaka Bi Zubeida, mwenye duka la jirani, akachungulia dirishani. "Bi Zubeida, uwe shahidi! Siku watu hawa watakapopangwa mahali pamoja, nitajitwika chungu hiki mimi mwenyewe, niwapelekee hadi jikoni kwao huko huko, na watu wote wanione."

"Nimesikia, Mama Revelian," akasema Bi Zubeida. "Na masikio yangu hayasahau deni la mtu."

Kabla ya siku ya usaili, mume na mke walipatana neno moja: kila mmoja ajijibie nafsi yake, wala pasiwe na wa kumsemea mwenziwe.

Siku ilipofika, Revelian aliitwa kwanza. Mganga Mkuu, Mwingereza aliyezoea kutiiwa, alimwambia kwamba nafasi ya mjini ni yake akiitaka.

"Ahsante, Bwana. Naomba Mtondowe."

"Waombaji wanaililia nafasi hii, nawe unaikataa?"

"Basi wapewe wanaoililia, Bwana."

Akatolewa kwa mlango wa nyuma. Kwenye baraza ya mbele, karani Wilbert, aliyependa kumaliza kazi yake mapema, alimwinamia Benedicta aliyekuwa akingoja na mtoto mgongoni. "Dada, usijisumbue. Mumeo ameshakubali mjini. Wewe itikia kaskazini, mambo yaishe."

Moyo wa Benedicta uliruka kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Kama ni kweli, basi yote yamevunjika. Lakini akakumbuka patano lao, akamtazama karani usoni. "Kama amekubali, mwite aniambie yeye mwenyewe. Ulimi wake hakuuacha kwako, kaka."

Akaingia. Mganga Mkuu alimtazama, akamtazama na mtoto. "Nawe pia ni Mtondowe?"

Hapo Benedicta akajua kwamba mumewe hakutetereka. "Ndiyo, Bwana. Mkunga akikwama humwita mpasuaji. Mpasuaji akiwa mbali, mama hufa barabarani. Mimi nimewazika wawili masika haya. Tufundishe pamoja, au utuache tulipo."

Yule bwana akagonga meza kwa kidole. "Vema. Mtondowe kwenu nyote. Lakini sitaki mtoto wodini. Asipopatikana wa kumlea huko, mkunga atarudi na mume atabaki. Umenielewa?"

Alielewa barabara. Mawe mawili yalikuwa yamepatikana, na chungu kilikuwa bado kinayumba.

Nyumbani Revelian alitaka kumwangukia mama yake miguuni. Benedicta akamzuia. "Usimwombe. Alikwisha sema kwamba atarudi Bukoba. Tutakwenda, nami nitatafuta mlezi huko huko. Nikimkosa, wanirudishe, lakini hawataniambia kwamba sikufika."

Mama Apolonia aliyasikia hayo kutoka jikoni, akaendelea kusugua chungu chake.

Kipupwe kilipoingia na njia kukauka, lori la kwenda kusini lilikuwa likipakia Mbagala. Alfajiri ya safari watu wa Temeke waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Mjane wa katekista alitoka uani, kata ya nguo kichwani, na juu ya kata chungu, shingo imenyooka vile vile.

"Mama Revelian!" Bi Zubeida akapaza sauti. "Leo nani kakutwika?"

"Mdomo wangu, Bi Zubeida!"

Watoto wakamfuata wakishangilia. Mwanawe akajaribu kumpokea. "Niache!" akamkemea. "Nilisema mimi mwenyewe. Ahadi haina mpagazi." Akatembea na mzigo wake mpaka Mbagala, na garini akakipakata chungu kama mwana mgonjwa, hadi ng'ambo ya Rufiji.

Nyumba waliyopewa Mtondowe ilikuwa na jiko la nje lenye mawe mawili tu, la tatu limekwisha chukuliwa. Mama Apolonia alisimama hapo, chungu kichwani, mbele ya wauguzi waliotoka kuwatazama wageni.

"Mama," Benedicta akasema kwa upole, "deni umelilipa. Tua. Lori linarudi kesho, sitakuzuia."

Bibi yule akautua mzigo wake chini, akatoka. Alirudi amekumbatia jiwe, vumbi limemjaa kifuani. Akalipanga penye pengo, akakitikisa chungu juu ya mafya matatu mpaka kikatulia.

"Nilisema hadi jikoni," akasema, akijipangusa mikono. "Chungu kisichopikiwa hakijafika jikoni, kimetupwa tu. Na hapa nani wa kukipikia? Wewe unayeunguza hata uji? Nipe huyo mtoto, kisha nenda ukamwambie huyo Mwingereza wenu kwamba mlezi amepatikana."

Benedicta akamkabidhi Auleria, akaifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya hospitali, mumewe ubavuni. Nyuma yao moshi ukaanza kupanda. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.