Ingia Pangoni

Hapo zamani, na msinikatize, si zamani ile ya babu zenu, ni zamani ya majuzi tu, kompyuta zimeshafika shuleni na umeme bado unakuja ukijisikia, palikuwa na mwalimu katika kijiji cha Ngulilo, kule milimani kwenye baridi. Jina lake Tumwitike. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na chuki moja tu moyoni: watoto kunakili ubaoni.

"Wananakili hata tarehe niliyokosea," alikuwa akilalamika. "Halafu uwaulize, hakuna kitu!"

Basi akawatengenezea darasa la sita kazi ya uchunguzi kwenye kompyuta. Si yale maswali ya jaza nafasi, hapana. Fumbo! Mlimani kwao kuna pango. Watu wa kale walijificha humo wakati wa vita, wakaishi, wakapika, kisha wakaondoka wote. Kwa nini waliondoka? Hilo ndilo swali. Kila kundi likapewa mpelelezi, mchora ramani na mwandishi. Tumwitike mwenyewe aliingia pangoni wakati wa kiangazi, akapiga picha kila kona, akaziweka kwenye tovuti ya shule. Unabonyeza maneno ya buluu, picha inafunguka, unatafuta dalili: jivu, vigae vya vyungu, mikwaruzo ukutani. Maneno yenyewe ya buluu yalisema: Ingia Pangoni. Na chini yake: Usitoke bila ushahidi.

Mmesikia? Kwenye kompyuta kuingia ni kubonyeza, na kutoka ni kubonyeza. Halowi mtu.

Mwanzoni aliongeza sentensi moja: Msiende kwenye pango lenyewe. Akaisoma. Akaifuta. Akasema inaua utamu.

Na utamu ulikuwepo, jamani! Wiki nzima watoto hawakuzungumza jambo lingine. Hata wale watoro sugu walifika shuleni kabla ya kengele.

Siku ya kazi ikafika, umeme ukakatika. Tumwitike naye alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Watoto wakanuna, wengine machozi yakawalenga. Mwalimu Ambakisye, mwalimu wa taaluma, pande la mtu lenye roho laini, akawaonea huruma. Maelekezo alikuwa nayo kwenye simu. Akachukua karatasi ya manila na kalamu nyeusi, akanakili kila neno, akabandika ukutani. Ya buluu na yasiyo ya buluu, yote yakawa meusi.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, tuingie kweli?"

Ambakisye alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Fanyeni kama ilivyoandikwa," akasema.

Makundi mengine yakabaki uwanjani yakibishana. Kundi la Subilaga likapanda mlima. Huyu Subilaga ni binti asiyejua kushindwa. Ukimpita kwa alama moja, hali chakula. Mpelelezi wake alikuwa Gwakisa, mtoto wa pekee wa mama muuza maandazi wa pale getini. Katoto kapole, kenye kutii mpaka unakahurumia.

Wakafika. Gwakisa akachungulia. Giza. Ubaridi unatoka humo unampiga usoni.

"Subi, naogopa."

"Mpelelezi nani?"

"Mimi."

"Basi ingia. Unataka tuwe wa mwisho?"

Akaingia na tochi yake, kwa tumbo, maana lango la lile pango ni tundu tu. Wakaona miguu, wakaona nyayo, kisha hawakuona kitu.

Hapo mvua ikashuka. Si manyunyu, mvua! Maji ya mlima yakatafuta njia, na njia yao ni lile tundu. Yakaanza kuingia kidogo kidogo, halafu si kidogo. Subilaga akapiga magoti kwenye tope. "Gwakisa! Toka!"

Sauti ikajibu kutoka chini, "Bado! Sijapata ushahidi!"

"Toka bwana, maji yanaingia!"

"Imeandikwa nisitoke!"

Nikifika hapa mimi mwili hunisisimka, sijui ninyi. Yule mtoto alikuwa na nafasi ya kutoka. Alikuwa nayo, akaitumia kutafuta vigae.

Alipokubali kurudi, maji yalikuwa yameshajaza ile njia nyembamba. Akarudi nyuma, akapanda juu ya jiwe humo ndani. Tochi ikazimika. Ikabaki sauti, ikipenya kwenye ufa wa mwamba.

Mchora ramani alikuwa ameshatimua mbio kuteremka shuleni. Waliopanda naye ni watatu: Ambakisye akihema, Tumwitike aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kliniki, na Mama Gwakisa, mikono ina unga, ameshika kamba aliyoifungua kwa ng'ombe. Wanaume wa kijiji walikuwa gulioni ng'ambo ya bonde. Wameitwa, lakini mpaka wafike, lile jiwe litakuwa limefunikwa.

Kamba ni moja. Tundu ni la mtu mmoja. Na wote pale walijua: atakayeingia huenda asirudi.

Ambakisye akavua koti. "Mama, nipe kamba. Mimi ndiye niliyeandika kwa kalamu nyeusi. Mimi ndiye niliyesema fanyeni kama ilivyoandikwa, wala sikumtazama mtoto usoni. Nguvu ninazo, na kuogelea najua. Nikimshika, simwachii."

Tumwitike akasema, "Utakwama, mwalimu. Tazama hilo tundu, jitazame na wewe. Ukikwama umemzibia mtoto mlango. Mama, nipe mimi. Kazi nimeitunga mimi, na onyo nililifuta kwa mkono wangu huu. Na humo ndani nimewahi kuingia. Najua pale pa kuinama na pale pa kushika."

"Kuogelea unajua?" Ambakisye akamuuliza.

Tumwitike akatikisa kichwa. Mtoto mgongoni akaanza kulia, anataka kunyonya.

Sasa Subilaga akaja mbele, magoti yamejaa tope. "Mama, mimi ni mdogo kama yeye. Alipopita, nitapita. Kuogelea najua. Aliniambia anaogopa, mimi nikamsukuma. Hawa hawakumsikia akisema anaogopa. Nilimsikia mimi peke yangu."

"Wewe ni mtoto!" Tumwitike akafoka. "Mama yako tutamwambia nini?"

"Na Mama Gwakisa mtamwambia nini?"



Mama Gwakisa alitaka kujifunga mwenyewe, msidhani hakutaka. Alijaribu. Mabega yakagoma kupita, akavutwa nyuma kwa miguu, goti limechunika. Sasa amesimama na kamba mkononi. Anamtazama Ambakisye, mwenye nguvu asiyepita. Anamtazama Tumwitike, mjua njia asiyejua maji, na kichanga mgongoni. Anamtazama Subilaga, anayepita, anayejua maji, na ambaye ni mtoto wa mwenzake, na mwenzake hayupo hapa wa kuombwa ruhusa. Hasira anayo ya kuwatosha wote watatu, ila hasira haimtoi mtoto.

Kutoka chini sauti ikaita, nyembamba sasa, "Mama! Maji yamefika kifuani!"

Mkono wa mama ukanyooka, na kamba ndani yake.

Haya, msinitazame mimi. Mimi msimulizi tu, sina kamba. Semeni ninyi, na semeni upesi, maana mtoto anasubiri: alimpa nani? Nani kati yao alistahili kuingia?