Nani Aupe Jina Mti wa Ndeeme

Nipeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Hii ni habari ya watu watatu na mti mmoja.

Wa kwanza ni Naetwe, mtafiti wa misitu, mwanamke wa Kipare aliyejaliwa subira ya kutazama. Angeweza kukaa mbele ya ua kutwa nzima asichoke. Wa pili ni mzee Shekiondo, mtunzaji wa hifadhi ya mimea iliyokaushwa huko Arusha. Yeye alijaliwa kumbukumbu: jani aliloliona mara moja halikumtoka tena kichwani. Wa tatu ni Kokushubila, binti wa maabara pale Morogoro, aliyejaliwa mkono mtulivu wa kusoma vinasaba, yale maandishi ambayo kila kiumbe huyarithi kwa wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake, hadi huko tusikokujua.

Naetwe aliishi peke yake katika kibanda cha watafiti juu ya korongo la Ndeeme, milimani Upare. Zamani walikuwa wengi. Mradi ulipoisha wenzake walifungasha mmoja mmoja, yeye akabaki kwa ajili ya mti. Ulikuwa mrefu, wenye gome la kijivu, na ulikuwa mmoja tu. Watu waliutafutia mwenzake mabonde yote wasimpate. Vitabu viliuweka katika familia ya mivule na mikuyu kwa sababu ya majani yake, lakini hata vitabu havikuwa na hakika. Na sasa mizizi ilikuwa inaoza.

Naetwe alikuwa amezoea kupika ugali wa mtu mmoja. Wakati mwingine alijisikia akiusemesha mti, akanyamaza kwa aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Mti huo ulichanua mara moja kwa mwaka, siku chache tu. Mwaka ule, maua yalipoanza kufunguka, simu ikaita. Alikuwa kaka yake.

"Naetwe, mama ametutoka. Tunazika kesho alasiri."

"Hamuwezi kunisubiri siku mbili?"

"Ukoo umeshakubaliana. Shuka leo, dada yangu."

Naetwe aliinua macho akayatazama maua. Alijua mti usingefika mwaka mwingine kwa mizizi ile. Akamjibu kaka yake maneno ambayo mpaka leo hapendi kuyarudia, kisha akapanda ngazi aliyokuwa ameiegemeza kwenye shina. Saa ambayo mama yake alikuwa anateremshwa kaburini, Naetwe alikuwa juu kule, akitazama ua baada ya ua kwa lenzi na kukifuta kioo kila mara kwa sababu ya machozi.

Akaona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Stameni za kila ua, vile vijiti vya kiume, ziliungana zikawa pete, zimejaa chavua, lakini ovari, kifuko cha mbegu, haikuwamo hata katika ua moja. Mti ulikuwa dume. Basi huenda mahali fulani palikuwa na jike. Akakung'uta chavua, akaikausha, akaihifadhi katika jokofu dogo la sola.

Akampigia mzee Shekiondo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari za mama. Pole sana."

"Nimeshapoa. Mzee, umewahi kuona ua lenye pete katikati, mmea wowote ule?"

Mzee alifumba macho akitafuta. "Nimeiona," akasema. "Tatizo sikumbuki ni kabati lipi."

Mzee naye alikuwa peke yake. Wafanyakazi wenzake walistaafu, wanawe walikuwa Dar es Salaam na walimpigia sikukuu kwa sikukuu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba presha ya macho inamla, akampangia tarehe ya upasuaji na kumkataza kazi ya lenzi. Shekiondo akaiahirisha tarehe. Alifungua makabati, familia baada ya familia, akiinua karatasi zenye mimea iliyobanwa tangu enzi za wakoloni, dawa ya nondo ikimwasha pua. Alijua akienda hospitali atalazimika kupumzika, na mti usingengoja.

Mmea wenye ile pete aliupata katika kabati la jamaa za misufi. Kilikuwa kichaka kutoka milima ya Nguu, chenye majani mapana yenye vinyweleo, kisichofanana kabisa na mti wa Ndeeme. Lakini alipolilowesha ua kavu na kulifungua kwa sindano, hapakuwa na stameni. Palikuwa na ovari, na kuizunguka ovari kulikuwa na pete ileile.

"Nimempata," alimwambia Naetwe. Alipofika hospitali hatimaye, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia likabaki na mwanga wa kuonea njia tu.

Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini wenye mamlaka ya misitu walikataa kutoa kibali cha kuipeleka chavua Nguu. Walisema, na hawakukosea, kwamba sura hudanganya. Mimea isiyo na undugu ikikaa katika ukungu mmoja hupata majani ya namna moja, na ndugu wa damu wakikaa hali ya hewa tofauti huonekana wageni. Pete ya ua inaweza kuwa bahati tu. Leteni ushahidi wa nasaba.

Ndipo Naetwe alipomtafuta Kokushubila, akamtumia vipande vya mimea yote miwili.

"Dada, shikamoo. Hizo sampuli nimezipata," binti alimjibu. "Ila dawa zilizobaki maabara ni za utafiti wangu wa mpunga. Nikizitumia, shahada yangu inalala."

"Basi, mdogo wangu, siwezi kukuomba hilo."

"Hujaniomba. Nimekwambia tu ujue."

Akazitumia. Aliyasoma maandishi ya mimea yote miwili akayalinganisha na ya mivule, ya misufi na ya jamaa nyingine nyingi. Dume wa Ndeeme na jike wa Nguu walikuwa spishi moja. Tena hawakuwa mvule wala msufi. Walikuwa tawi lao wenyewe, lililoachana na mengine zamani za kale, na duniani hawakubakiwa na ndugu wa karibu. Nafasi ya ualimu aliyoahidiwa Kokushubila alipewa mwingine aliyemaliza kwa wakati. Hakumsimulia mtu. Katika chumba alichopanga hapakuwa na wa kumsimulia.

Kibali kikatoka. Naetwe akaibeba chavua hadi Nguu, mahali palipoandikwa kwenye karatasi ya mzee, akakikuta kichaka cha namna ile kikiwa hai bado, akaipaka kwa brashi kwenye maua yake, na matunda yakashika. Kabla hayajaiva, masika ikaingia na mti wa Ndeeme ukaanguka. Naetwe aliusikia akiwa kibandani. Hakutoka kwenda kuutazama mpaka mvua ilipokatika.

Mbegu zikaota. Miche ipo hai.

Sasa palihitajika jina la jenasi mpya, yaani la tawi hilo la mimea, jina moja, na likishachapishwa halibadilishwi. Watatu hawa, ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, wakaunganishwa katika simu moja.

"Ningependa liwe Nangasu, jina la mama yangu," Naetwe alisema. "Sikumzika. Nataka awe na mahali."

"Nina mjukuu amezaliwa juzi," alisema mzee Shekiondo. "Wameniwekea mapajani, lakini sura yake sikuiona. Huu mti ukipewa jina lake, nitalisikia kila utakapotajwa."

Ikafika zamu ya Kokushubila. "Mimi sina mtu wa kumtaja. Nitajeni mimi. Shahada sina, kazi sina. Hakuna kingine kitakachoonyesha kwamba niliwahi kuwa katika maabara ile."

Hakuna aliyembishia mwenzake. Kila mmoja alikiri kwamba bila wale wawili asingefika popote. Naetwe asingetazama, hakuna ambaye angejua kwamba mti ni dume. Shekiondo asingekumbuka, jike lingebaki ndani ya kabati la watu wengine. Kokushubila asingesoma, kibali kisingetoka na chavua ingeharibika kwenye jokofu. Simu ikabaki wazi, kila mmoja akisikiliza pumzi za wenzake kutoka mbali, asitake kuwa wa kwanza kukata.

Mpaka leo hawajaamua. Basi nyinyi mlionisikiliza, kalamu ingekuwa mikononi mwenu, mngeandika jina alilochagua nani?