Kioo Kilichomngoja Mgeni

Kioo kingojacho mgeni hakimwonyeshi mwenyeji njia. Ndivyo alivyosema mama mmoja juzi, alipoikuta pampu mpya ya maji imezungushiwa utepe na mnyororo, naye ana ndoo mbili tupu. Wasichana waliokuwa nyuma yake walicheka tu, maana hawakuelewa. Waliporudi walipitia kwa Bibi Nyanzobe, aliyekuwa barazani akichambua dagaa, wakamuuliza: kioo gani hicho, Bibi, na mgeni gani?

"Mkimuuliza Mama Asteria, aliyekuwa jirani yake nahodha Ruhwanya," Bibi alisema, "atawaambia Ruhwanya alikuwa amelewa. Atasema alimwona kwa macho yake asubuhi ile, kibuyu cha rubisi mkononi, anayumba na kuimba. Hata wimbo wenyewe atawaimbia. Lakini asubuhi ile Mama Asteria alikuwa kwa dada yake, vilima viwili kutoka ziwani. Aliyekuwa mwaloni, pale mashua zinapopakia, ni mimi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi."

Wakati huo kijiji chetu cha Kabuyange hakikuwa na barabara. Mgonjwa alipelekwa hospitali kwa ziwa, kwa mashua ya tanga waliyoiacha wamisionari walipohama. Ilikuwa na chumba kidogo cha kulaza wagonjwa, na mbele ya usukani kulikuwa na kioo cha plastiki ngumu cha kuzuia upepo na maji. Nahodha wake, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa Ruhwanya.

Ruhwanya hakuwa na shamba la kuonyesha mtu. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi. Alichokuwa nacho ni jina. Mwanamke mwenye uchungu, kabla hajakubali kubebwa hadi majini, aliuliza kwanza, "Usukani anao nani?" Akiambiwa ni Ruhwanya, alinyamaza na kupanda. Katika miaka yote hiyo mashua ile haikuwa imegusa jiwe wala mtumbwi wa mtu, na Ruhwanya alilitunza jambo hilo kuliko mwingine anavyotunza ng'ombe.

Sasa kile kioo jua lilikuwa limekila. Kilikuwa cha njano kama mawese, na kimejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Maji yakikirukia, nahodha haoni kitu. Ruhwanya alilalamika misimu miwili, mpaka kijiji kikakubali kumwita Fundi Mateso kutoka mjini.

Fundi alikuja na bamba jipya la plastiki. Alikifungua kile kikuukuu skrubu moja moja, akakilaza juu ya lile jipya, akachora pembeni kwa kalamu, akakata kwa msumeno wa meno madogo, taratibu, huku akipuliza vumbi lake. Matundu aliyatoboa makubwa kuliko skrubu. "Plastiki nayo hupumua juani," alisema, "ukiibana itapasuka." Akazungushia mpira, akakaza. Kioo kikakaa sawasawa kwenye fremu yake.

Pande zote mbili kilikuwa na nailoni iliyogandishwa kiwandani, nyeupe kama maji ya mchele. Ruhwanya akaweka ukucha pembeni.

"Bandua leo hii, mzee wangu," Fundi Mateso alimwambia. "Hii ni ya kukilinda njiani tu. Jua likishaipika itashikana na kioo, na siku hiyo usiniite."

Kabla ukucha haujaingia, mkono wa Mwenyekiti Kalihose ulikuwa juu ya mkono wake.

"Una haraka gani, Ruhwanya? Jumamosi tuna mgeni rasmi kutoka wilayani. Mwenzetu huyo hatakata utepe, utepe umezoeleka. Atabandua nailoni! Watu wapige makofi, picha ipigwe."

"Na mimi mpaka Jumamosi nitaona na nini, Mwenyekiti?"

"Uliona na kile kibovu misimu miwili. Siku nne zitakuua?"

Watu walicheka, na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu kitu kipya hukaa na nailoni yake. Kiti, godoro, redio, vyote hukaa nayo mpaka ichanike yenyewe, na mwenye kuivua mapema huonekana hajui thamani ya kitu. Fundi akakusanya vifaa vyake akaondoka.

Jumamosi ilifika. Watoto wa shule waliimba mpaka sauti zikakauka, mbuzi alikuwa amefungwa tayari, kisha ukaja ujumbe kwamba mgeni yuko mkutanoni. Jumamosi ya pili wakaambiwa mgeni ana safari nyingine. Ya tatu wakaambiwa wangoje barua. Wiki saba zikapita, na zilikuwa wiki za kiangazi, jua la kukausha dagaa kwa nusu siku.

Wagonjwa hawakungoja barua. Ruhwanya aliendelea kwenda na kurudi, kichwa amekitoa nje ubavuni kama kobe. Wavuvi walimfanyia mzaha.

"Nahodha! Unaendesha, au unamchungulia bi harusi?"

"Bi harusi wa mwenyekiti," alijibu, "mimi mpambe tu."

Lakini moyoni hakucheka. Mara mbili alikwenda nyumbani kwa Kalihose kuomba. Mara ya tatu alimwomba pale pale mwaloni, mbele ya wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa vichanjani.

"Mwenyekiti, nakuomba. Nibandue upande mmoja tu, wa pili mgeni atabandua."

"Bi harusi hafunuliwi na mpambe," Kalihose alisema, na wanawake wakacheka. Miongoni mwao alikuwamo Nyanzobe, wakati huo mke mgeni wa miaka kumi na tisa, aliyepewa kichanja mwezi ule ule. Vichanja vyote vya mwaloni alivigawa Mwenyekiti, na aliyemtaka asianike hakuanika.

Siku tatu baadaye, alfajiri, Kalihose alikuja mwaloni mbio, viatu mkononi. Nyuma yake vijana walimbeba Yusta, mke wa mwanawe, kwenye machela. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni.

"Ruhwanya, mkwe wangu anakufa! Pandisha tanga!"

Ruhwanya alikuwa ameshashika kisu cha kuparia samaki. "Nipe robo saa, niondoe nailoni hii upande wangu."

"Robo saa anayo nani? Na barua imefika jana, mgeni yuaja Jumamosi! Wewe jua kuendesha, mambo ya kioo niachie mimi."

Ruhwanya alijaribu hivyo hivyo, kwa kisu na ukucha, mashua ikisukumwa majini. Nailoni ilitoka vipande vidogo vidogo kama ngozi ya samaki aliyeungua, na chini yake ikabaki gundi. Kama alivyosema fundi, ilikuwa imepikwa. Yusta akalia. Ruhwanya akatupa kisu, akashika usukani.

Upepo ulitoka ziwani, ukalilaza tanga upande wa kushoto. Upande wa kulia aliweza kuona kwa kutoa kichwa nje. Upande wa kushoto tanga lilifunika, na njia pekee ya kuona ilikuwa chini yake, kupitia kioo. Jua nalo likachomoza juu ya milima, likaipiga nailoni, ikawa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Nyuma ya ukuta ule alikuwa mvuvi Bukuru kwenye mtumbwi wake, amewapa mgongo, anavuta wavu.

Ruhwanya aliusikia mgongano mikononi kabla ya masikioni, usukani ulivyoruka. Kisha akasikia ukelele. Mkono wa Bukuru ulikuwa umebanwa kati ya mtumbwi na mashua. Ruhwanya alimvuta ndani, akachana shati lake akaufunga ule mkono, akawafikisha wote wawili hospitali. Yusta alijifungua mtoto wa kiume. Bukuru alirudi kijijini na mkono mmoja, na wavu hauvutwi kwa mkono mmoja.

Kikaitwa kikao. Bukuru aliketi pembeni. Kalihose alisimama.

"Ndugu zangu, chombo kilifanyiwa matengenezo. Kioo ni kipya, hakijaguswa hata na mkono wa mgeni rasmi. Sasa kama chombo ni kizima, kibovu ni nini?"

"Rubisi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichozaa maneno ya Mama Asteria.

Ruhwanya aliinuka polepole. Alikuwa amevaa shati la kuazima. Alimtazama Bukuru kwanza, akamwambia, "Ndugu yangu, mkono wako niliukata mimi, sitamwachia mwingine." Kisha akamgeukia Kalihose.

"Mwenyekiti, chombo ni chetu, kioo mlikiweka cha mgeni. Kioo kingojacho mgeni hakimwonyeshi mwenyeji njia."

Hakuna aliyecheka. Kalihose alikohoa, akasema usukani utapewa mtu mwingine, mwenye macho.

"Mpeni," Ruhwanya alisema. "Sigombanii usukani."

Akawageukia watu. Walikuwa zaidi ya hamsini, na wengi aliwahi kuwavusha wao, au mama zao, au watoto wao wakiwa bado tumboni. Akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mlango wa kubisha.

"Kioo kingojacho mgeni hakimwonyeshi mwenyeji njia," alirudia, safari hii kwa sauti ya chini. "Mimi niliomba kibanduliwe. Niliomba mchana, pale mwaloni, mbele za watu. Naomba mmoja wenu tu asimame aseme kwamba alinisikia."

Nyanzobe alikuwa ameketi mstari wa mbele, karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa. Alikumbuka kichanja chake, akatazama chini.