Kamba ya Mhoja

"Na mimi ninayeshuka, mbona siulizwi?"

Hapo zamani, katika mji mkavu wa Lukongo, mchimba visima aitwaye Mhoja aliuliza swali hilo mchana kweupe, mbele ya watu wote. Hakujibiwa. Mmoja alikohoa. Mwingine aliangalia kucha zake. Likapita.

Mimi halijanipita. Sikilizeni.

Lukongo hakukuwa na mto. Maji yalikuwa chini, mbali, na anayeyataka ayachimbe. Mchimbaji alifungwa kamba kiunoni, kamba ikazungushwa kwenye gogo, na juu akakaa mtu mmoja tu wa kuilegeza na kuivuta. Huyo ndiye mshika kamba. Uhai wa aliye chini ulikuwa kwenye viganja vyake.

Sasa, mwaka mmoja, mshika kamba aligombana na mchimbaji asubuhi, na adhuhuri akamwachia, mchimbaji akaanguka akafa. Makusudi. Kisha akaenda kwake kula ugali. Akala, akamaliza, akaomba aongezewe. Mjane wa marehemu, Bi Kalunde, aliposikia habari ya kile chakula aliapa: "Hashiki mtu kamba tena hapa kabla sijauona moyo wake!"

Nani angembishia? Hata mimi nisingethubutu.

Basi ukawekwa utaratibu. Anayetaka kazi anakaa mbele ya Bi Kalunde, mikononi kashika bakuli la maji lililojaa pomoni. Bi Kalunde anamsimulia kifo cha mumewe, hatua kwa hatua, mpaka ule ugali wa kuongezewa. Maji yakitikisika, ana moyo, apewe kazi. Yakitulia, moyo wake ni jiwe, aende zake.

Mmeelewa? Watu wazima walikaa wakaamua kwamba kamba ashike mwenye mikono inayotetemeka. Na mji mzima ukasema vyema.

Siku ya kupima walikuja wawili. Wa kwanza Nyamizi, mwanamke mpasua mawe, asiyecheka ovyo wala kulia misibani. Wa pili Luziga, mrina asali, kipenzi cha kila mtu.

Nyamizi akashika bakuli. Bi Kalunde akasimulia. Maji, kimya. Akafika kwenye ugali. Maji, kimya. Nzi akatua ukingoni mwa bakuli, akanywa, akaruka.

"Wewe binti," Bi Kalunde akasema, "husikii chochote?"

"Nimesikia yote, mama. Alikufa. Nikilia atarudi?"

"Mwondoeni! Mwondoeni mbele yangu!"

Luziga akashika bakuli. Bi Kalunde hajafika hata katikati, Luziga kaloa mpaka magotini, machozi na maji havijulikani kipi ni kipi. Watu wakapiga vigelegele. Bwana Msabaha, mwenye visima, akamkabidhi kamba.

Hapo ndipo Mhoja aliposema, "Na mimi ninayeshuka, mbona siulizwi?"

Na mmeshasikia alivyojibiwa.

Nyamizi akarudi kwake na jina jipya: Jiwe. Mwenye ghala akamwambia hapana. Mwenye tanuri akamwambia hapana. "Umepimwa, dada, tufanyeje?" Hajaiba, hajapiga mtu, hajamtukana mtu. Bakuli limesema.

Wiki ya tatu, Mhoja akiwa chini, bibi mmoja akapita na mtungi kichwani, akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Luziga, moyo laini, akaruka kumwinua. Akaruka na mikono yote miwili.

Kamba ikakimbia.

Mhoja akaanguka, bega likavunjika, na udongo ukamfukia mpaka kifuani. Watu wakajaa ukingoni. Luziga alijaribu kufunga kamba nyingine, vidole vikagoma kwa kutetemeka. Udongo ukazidi kumomonyoka. Mhoja hakuwa tena na pumzi ya kuita.

Nyamizi akatokea, nyundo begani. Akachungulia shimoni, akapima kwa macho.

"Namtoa. Lakini kwanza, Bwana Msabaha, tamka mbele ya watu hawa: kamba ni yangu."

"Mtu anakufa, wewe!"

"Naona. Ndiyo maana nakwambia tamka upesi."

"Mnamwona?" Bi Kalunde akapiga ukelele. "Mnamwona huyo? Si niliwaambia!"

"Kamba ni yako!" Msabaha akasema. "Shuka!"

Akajifunga kamba, akawapa watu waishike, akashuka. Akafukua kwa mikono, udongo ukimdondokea kichwani, na sauti yake ikapanda bila haraka: "Vuteni. Acheni. Vuteni." Mhoja akatoka hai. Nyamizi akafuata, akajipangusa, akaketi kwenye gogo la kamba. Kazini kwake.

Hapo ugomvi ukawaka.

Msabaha: "Neno la kubanwa koo si neno. Sikuahidi, nilikamuliwa!"

Luziga, akilia: "Nilimhurumia bibi wa watu. Mnanifukuza kwa huruma ile ile mliyoniajiria? Nimejifunza. Siachi tena kamba hata mama yangu akianguka."

Nyamizi: "Mlitaka moyo, nimewapa mtu mzima. Ningeomba kazi baada ya kumtoa mngenipa? Semeni kweli. Mngenipa asante na jina langu la Jiwe."

Bi Kalunde: "Kipimo changu kilidanganya wapi? Nilisema hana huruma, na kasimama juu ya mtu anayekufa akipatana kama yuko sokoni! Leo bei ni kazi. Kesho akitaka kingine, huku mtu yuko nusu ya shimo?"

"Lakini mumeo, mama," Nyamizi akamjibu, "aliachiwa kwa hasira. Mimi sina hasira na mtu."

"Wala upendo!"

"Wala upendo. Kamba ina haja nao?"

Mhoja alikuwa amelazwa kwenye mkeka palepale, hatua mbili kutoka kwao, bega limefungwa vijiti. Akafungua mdomo. Msabaha akamgusa paji la uso. "Pumzika, ndugu yangu. Haya tuachie sisi."

Wakaendelea kubishana juu ya kichwa chake! Mpaka leo nikifika hapa damu inanichemka.

Hawakuafikiana. Na kisima kilikuwa hakijafika maji, mji una kiu, na mchimbaji mwingine hakuwepo. Bega likishaunga, Mhoja atashuka tena. Juu lazima akae mtu. Akae aliyelia akaachia, au aliyepatana akaokoa? Au kamba wapewe Msabaha na Bi Kalunde, hodari wa kupima wenzao, ambao bakuli lile hawajawahi kulishika hata siku moja?

Je, nani alistahili kushika kamba?

Usinijibu bado. Nakuomba jambo moja: jifunge kwanza kamba hiyo kiunoni, usimame ukingoni, utazame chini. Halafu nitajie jina.