Nafasi ya Anayesutwa

Bibi mmoja wa Pangani, Somoe binti Makame, alikuwa na kaseti sitini za lelemama, ile ngoma ya wanawake ya kusutana kwa mafumbo. Waimbaji wenzake walikwisha kufa. Nani alisutwa katika wimbo gani, aliyebaki akijua ni yeye peke yake, na ugonjwa wa kifua ulikuwa unambana.

Rukia, mwalimu, mtoto wa kaka yake, akamletea kompyuta na programu tatu za kuhifadhia nyimbo, wachague moja. Ya kwanza ilipambwa kama bibi harusi. Ilikuwa na nafasi ya mwimbaji, ya mwaka, ya mahali.

"Na anayesutwa anaandikwa wapi?"

"Shangazi, huo si umbea?"

"Umbea ndio wimbo wenyewe. Ukiutoa, kimebaki nini? Makelele."

Nafasi hiyo haikuwamo. Ya pili nayo haikuwa nayo, na wenye programu zote mbili wakajibu kwamba hazibadilishwi. Ya tatu ilikuwa ya bure, sura imekunjamana kama kanga ya juzi, na nafasi vilevile haina. Lakini matumbo yake, yale maandishi yanayoiendesha, yalikuwa wazi, kila ajuaye aweza kuyasoma na kuyageuza. Rukia akawaandikia walioitengeneza. Kesho yake mtu wa nchi ya mbali, asiyewajua kwa sura wala kwa jina, akamwelekeza hatua kwa hatua: fungueni hapa, ongezeni hivi, ni yenu. Hakungoja hata asante.

Adhuhuri nafasi ikatokea kwenye kioo: Anayesutwa.

Somoe akavuta kiti karibu. Mtu ajenge nyumba namna ile, kisha amwachie asiyemjua avunje ukuta apendavyo! Akakigusa kioo kwa ncha ya kidole, taratibu, kama agusaye utosi wa mtoto mchanga.

Wakaanza na wimbo wa sinia, unaojulikana na kila mtu. Miaka arobaini watu walisema unamsuta Mize, jirani wa Somoe, kwamba ndiye aliyeiba sinia la shaba la chama chao cha ngoma. Mize hakualikwa tena kwenye harusi hata moja, mpaka akazikwa. Rukia alikwisha andika herufi mbili za jina lake.

"Futa, mwanangu," Somoe akasema. "Sinia niliiba mimi. Andika Somoe."

Basi, aliyefunguliwa mlango kiasi hicho na mgeni, atawezaje kuendelea kumfungia jirani yake?